Jinsi ya kulisha sehemu ya kuvulia ili perege na kambare waje wenyewe (mabwawa ya Hombolo na Mtera na malambo ya huku Dodoma)

Mbukwenyi wakuu. Maswali ninayopata ni yale yale kila siku, "kaka chambo gani kizuri", "Hombolo samaki wanakula upande gani", "mbona jamaa pembeni yangu anavuta tu na mimi nimekaa toka asubuhi naangalia boya", kwahiyo nimeamua niandike yote hapa mara moja, mtu akiuliza namtumia hii. Jibu la swali la tatu ndo jibu la yote: yule jamaa pembeni yako hajaja leo tu, alikuja jana, na juzi, na siku ya kabla ya juzi, akawa anatupa chakula kidogo pale pale saa ile ile, samaki wakazoea. Wewe umekuja leo na mshipi wako umetupa kwenye maji matupu.

Hii ni ya mshipi na ndoano ukiwa umesimama ukingoni, sio ya nyavu wala mitumbwi. Na ni ya perege na kambare maana ndo samaki ambao mtu wa kawaida atawapata kwenye mabwawa yetu.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Kwanza kabisa ruhusa. Nenda ofisi ya uvuvi ya halmashauri husika ujue habari ya leseni, afu ukifika bwawani onana na viongozi wa BMU (kile kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi) au serikali ya kijiji, uulize maeneo gani hayaruhusiwi na kama kuna tangazo la kufunga bwawa kwa kipindi. Kama ni lambo la kijiji au la mtu binafsi omba kwa mwenyewe. Usiruke hii, nimeona watu wananyang'anywa vifaa vyote kwa sababu ya uvivu wa kuuliza nusu saa.

Afu hivi:

- Mshipi wa nailoni mita 30 hivi, mwembamba kwa perege, mnene kidogo kwa kambare.
- Ndoano za saizi mbili. Namba usizitegemee sana maana kila kiwanda kina namba zake, angalia kwa macho: ya perege uwazi wake uwe kama punje ya mahindi, ya kambare uwe kama ukucha wa dole gumba.
- Chubwi, yaani kile kitu kizito cha kuzamisha mshipi. Kama hauna, spaki plagi iliyokufa ya bodaboda inafanya kazi vizuri tu, mafundi wanatupa kila siku, waombe.
- Boya, hata kipande cha ndala kuukuu.
- Pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, udongo wa kichuguu. Huku kwetu alizeti sio shida, nenda mashine yoyote ya kukamua mafuta utapata mashudu.
- Machicha ya pombe ya mtama au uwele, kama kuna mama anapika pombe jirani. Sio lazima ila yakiwepo ni mazuri mno.
- Ndoo mbili, gunia la katani, kisu, kofia, maji ya kunywa.
- Buti za mpira. Maji yaliyotulia yenye nyasi na konokono ndo nyumbani kwa kichocho, usisimame peku ndani ya maji masaa manne kwa sababu ya samaki wawili.

Sumu, utupa, baruti, hivyo visiwepo hata kwenye mawazo. Sheria ya Uvuvi ya 2003 imekataza, na ukiacha sheria, ukimwaga utupa kwenye lambo umeua mpaka vifaranga ambavyo ndo samaki wa mwakani.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua sehemu moja tu

Moja. Sio tatu. Wanaoanza wanataka kujaribu kila mahali, anatupa hapa dakika kumi, anahamia kule, mwisho amelizunguka bwawa zima na hajalisha popote.

Tafuta sehemu ambayo maji yana kina cha mita moja na nusu hadi mbili na nusu ukitupa hatua kama kumi kutoka ukingoni, chini pawe pagumu kiasi au mchanga, sio tope la kuzama mguu, na kuwe na kitu karibu ambacho samaki wanapenda kujificha, nyasi, mawe, au miti iliyozama. Mtera ile miti mikavu iliyosimama majini samaki wamejaa chini yake, kila mtu anajua, lakini usilishe katikati ya miti, lisha pembeni hatua nne tano kutoka kwenye mti ili samaki atoke aje kwako, la sivyo kila ukimnasa anazungusha mshipi kwenye mzizi na unabaki na kamba mkononi.

Angalia na upepo. Huku kwetu kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa upepo unavuma kweli na mara nyingi unatoka mashariki kusini mashariki, kwahiyo vitu vinavyoelea vyote vinasukumwa upande wa magharibi wa bwawa, na samaki wanafuata. Upande unaopigwa na upepo ndo mara nyingi una samaki hata kama kutupa ni kazi.

Onyo la hapa: Mtera kuna viboko na mamba. Sio hadithi. Hombolo na malambo mengine ulizia wenyeji kabla hujakaa. Usichague kijia ambacho unaona nyayo kubwa za mviringo na nyasi zimelazwa kuelekea majini, ile ni njia ya kiboko, anatoka jioni kwenda kula majani na anarudi, na akikukuta katikati yake na maji hana mjadala. Kaa hatua kadhaa kutoka kwenye maji, usichutame pale pale pembeni kuosha mikono na vyombo saa moja jioni.

2. Pima kina na uweke alama

Funga chubwi kwenye mshipi, weka boya, tupa, boya ikizama sogeza juu, ikilala sogeza chini, mpaka isimame wima. Umbali wa kutoka boya mpaka chubwi ndo kina chako. Kiandike. Afu chomeka kijiti ukingoni kabisa maji yanapoishia, maana mabwawa yetu kuanzia mwezi wa tano yanashuka tu, mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba hivi mpaka Aprili basi, baada ya hapo jua na watumiaji wanayamaliza. Mtera maji yanaweza kurudi nyuma mbali mpaka sehemu uliyokuwa unavulia unakuta mbuzi wanachunga. Kile kijiti kitakwambia kila siku yameshuka kiasi gani na wewe utaongeza hatua mbele kwa kiasi hicho.

Chagua na alama ya ng'ambo, mti mkubwa au jiwe, ili kila ukitupa unatupa kuelekea pale pale. Samaki wanatakiwa wakute chakula eneo la ukubwa wa meza, sio la ukubwa wa uwanja wa mpira.

3. Tengeneza chakula cha kulishia

Hapa ndo nataka usome taratibu maana ndo wengi wanaharibu.

Jana yake usiku loweka mashudu. Mashudu makavu ni magumu kama vigae, yanatakiwa yalale kwenye maji mpaka asubuhi yalainike yavunjike kwa mkono. Maganda ya alizeti yatakayoelea juu yachote yatupe, yale hayazami na yatakuvutia samaki kwenda nayo kokote upepo unakoenda.

Asubuhi chukua kopo lolote liwe kipimo chako. Pumba makopo manne, mashudu yaliyolowa mawili, udongo wa kichuguu uliotwangwa ukachekechwa matatu, machicha moja kama yapo. Changanya vikiwa vikavu kwanza, pumba na udongo, afu tia mashudu na machicha, afu maji kidogo kidogo sana kwa kiganja, unakanda kama unakanda unga wa chapati.

Kwanini kichuguu? Kwa sababu udongo wake unashika, na ni mzito, unapeleka pumba chini. Pumba peke yake inaelea. Mimi mara yangu ya kwanza nilienda na nusu gunia ya pumba kavu nikamwaga yote Hombolo saa moja asubuhi, upepo ukaja, ile pumba ikatengeneza mkeka mweupe juu ya maji ukawa unaondoka taratibu kwenda ng'ambo, na mimi nauangalia, na samaki wanadonoa chini yake wanaenda nao. Siku ile sikupata hata mmoja na wale waliokuwa ng'ambo walivuta mpaka wakachoka.

Kitu kingine, usitumie pumba au mashudu yaliyoota ukungu kwa kuwa ni ya bure. Sumukuvu sisi tunaijua vizuri, mwaka 2016 watu walikufa hapa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na samaki naye anadhurika. Ikinuka uvundo au ina rangi ya kijani tupa mbali na mifugo.

4. Jaribu donge kwenye ndoo

Finyanga donge la ukubwa wa chungwa. Likamue kwa nguvu ya mkono mmoja. Liangushe kwenye ndoo ya maji urefu wa goti.

Linatakiwa lizame zima mpaka chini, likae hapo, afu baada ya dakika mbili tatu lianze kumeguka pembeni, vipande vinadondoka, kawingu ka unga kanapanda taratibu. Baada ya dakika kumi liwe limebaki kichuguu kidogo tu.

Likipasuka likiwa juu ya maji, maji hayajatosha au udongo ni mchache. Likikaa dakika kumi na tano kama jiwe, udongo umezidi, ongeza pumba. Usiende bwawani bila hili jaribio, ukishafika kule huoni kinachoendelea chini.

5. Lisha siku nne hadi tano bila kuvua

Ndio, bila kuvua. Hii ndo watu hawataki kusikia.

Kila siku saa ile ile, kama ni saa moja na nusu asubuhi basi ni saa moja na nusu asubuhi, tupa madonge matano sehemu yako, kaa dakika chache angalia, ondoka. Madonge matano yanatosha, usiongeze kwa kuona bwawa ni kubwa. Wewe hulishi bwawa, unaweka miadi. Samaki anajifunza kwamba hapa, muda huu, kuna kitu, na akija anakuta kidogo kinaisha, kesho anawahi.

Siku ya kwanza hutaona chochote. Siku ya pili pengine vidogo. Kuanzia siku ya tatu angalia povu, vipovu vidogo vidogo vinapanda kwenye mstari au kwenye duara juu ya sehemu yako, pale chini kuna mtu anafukua udongo. Kama maji yametulia utaona na mgongo mmoja mmoja au maji yanajikunja bila upepo. Ukiona hivo dakika tano tu baada ya kutupa, wameshazoea.

Kama wewe unakaa mjini na Hombolo ni mbali kwenda kila siku, kuna njia mbili. Elewana na kijana wa pale pale anayechunga au anayevua, mtengenezee madonge makavu ya siku nne (yaanike kivulini, hayaozi), mlipe, mwambie saa. Au tumia kilishio.

6. Kilishio cha dumu

Chukua dumu la lita tano lenye mfuniko. Chemsha msumari mkubwa kwenye jiko la mkaa, toboa matundu ya kupita punje ya mahindi, kama kumi na tano hivi, yote nusu ya chini. Weka jiwe la ukubwa wa ngumi ndani ili lizame lisimame, ukishindwa kuliingiza mdomoni tumia mawe madogo matatu manne. Jaza mahindi yaliyolowekwa siku mbili tatu mpaka yametoa povu na harufu ya uchachu, changanya na mashudu. Funga kamba imara shingoni, zamisha sehemu yako, kamba ifunge kwenye kigingi ukingoni au kwenye boya.

Mawimbi yakilitikisa punje zinadondoka moja moja, samaki wakilidonoa zinadondoka zaidi. Lita tano zinakaa siku mbili mpaka tatu. Ukiona zinaisha kwa siku moja ziba matundu kadhaa kwa vijiti, ukiona halitoki kitu ongeza matundu.

Liwe lako na ulitoe ukimaliza. Usiache madumu majini, na usiweke chakula kwenye mfuko wa plastiki eti utapasuka wenyewe, kwanza mifuko ile ilishapigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, pili kamfuko kanabaki chini ya maji miaka na miaka.

Tahadhari ndogo: lambo ambalo ng'ombe wanakunywa usizamishe kilishio karibu na mnywesho, ng'ombe atajikwaa kwenye kamba, na mwenye ng'ombe atakutafuta.

7. Siku ya kuvua

Fika mapema kidogo, tulia, usikanyage kanyage ukingoni, mtikisiko wa miguu unafika majini kabla ya sauti yako.

Tupa madonge matatu tu badala ya matano. Unataka waje wakiwa na hamu, sio washibe. Subiri robo saa. Hiyo robo saa ndo uitumie kufunga ndoano na kutengeneza chambo.

Chambo kifanane na ulichowazoesha. Hii ni akili ya kawaida lakini watu wanalisha pumba wiki nzima afu siku ya kuvua wanakuja na kipande cha mkate. Pika kaugali kagumu ka mtama, changanya na mashudu uliyoyakamua maji na unga kidogo wa ngano ili kashike, kanda mpaka kawe kama udongo wa kuchezea. Viringisha kadonge ka ukubwa wa punje ya mahindi, sio gololi, mdomo wa perege ni mdogo. Kafunike ncha ya ndoano yote. Ukiwa umelisha kwa kilishio cha mahindi basi tumia punje moja laini iliyochemshwa. Na kama umevunja kichuguu ukapata mchwa, weka wawili watatu kwenye ndoano ndogo, perege hawezi kuwapita.

Weka boya ili chambo kikae kidole kimoja au viwili juu ya ardhi. Tupa kuelekea alama yako. Baada ya hapo kila nusu saa tupa kadonge kamoja kadogo ka ukubwa wa yai, sio zaidi, hata kama wanakula vizuri, tena hasa kama wanakula vizuri.

Muda mzuri wa perege ni saa moja mpaka saa nne asubuhi, afu tena kuanzia saa kumi jioni. Mchana wa jua la Oktoba kaa kivulini.

8. Kuvuta

Perege anadonoa kwanza. Boya inacheza cheza, inashuka kidogo inapanda, na mkono unawasha kuvuta, usivute. Subiri boya iende, ilale upande na kuteleza au izame kabisa moja kwa moja, hapo ndo unavuta kwa kifundo cha mkono tu, kifupi, sio kurusha fimbo mpaka nyuma ya kichwa kama unafukuza nyani shambani.

Akishanasa muongoze pembeni mbali na sehemu ya kulishia, wale wengine wasishtuke.

Kumshika, pitisha kiganja kutoka kichwani kwenda mkiani ukilaza miba ya mgongoni. Ukimshika kinyume ile miba inaingia kwenye nyama ya mkono.

Ukimfungua mdomo ukakuta mayai au vifaranga, huyo ni mama, perege wetu wengi wanaatamia mdomoni, mrudishe taratibu majini na usimkamue. Na ukiona vishimo vya mviringo kama sahani kwenye maji ya kina kifupi, pale madume wanatengenezea viota, usilishe hapo, sogea.

9. Kambare, tofauti kidogo

Kambare anaongozwa na harufu na zile sharubu zake, macho sio kitu kwake, ndo maana maji ya tope baada ya mvua ni sikukuu yake. Chakula cha kulishia kiwe kile kile ila ongeza matumbo ya kuku yaliyokatwa katwa na machicha mengi, na uachie mchanganyiko uchachuke siku mbili kwenye ndoo yenye mfuniko. Utanuka, nyumbani watalalamika, weka ndoo nje.

Ondoa boya, chubwi ilale chini kabisa, chambo kiwe utumbo wa kuku au nyungunyungu watatu kwa mkupuo. Lisha na kuvua saa za jioni. Akila hadonoi donoi, mshipi unanyooka tu unaanza kuondoka kama mtu anauvuta kwa heshima, mwachie hatua mbili, vuta kwa nguvu.

Kambare usiku wanakula zaidi ya mchana, hilo ni kweli, lakini kwa Mtera mimi nakwambia kabisa kwamba giza likianza funga vitu ondoka. Hakuna kambare wa thamani ya mguu wako.

Kumshika tumia gunia lililolowa au majivu mkononi, mkamate nyuma ya kichwa, pembeni ya mapezi ana miba miwili migumu ambayo ikikuchoma mkono unavimba siku nzima. Na usimweke kwenye ndoo wazi, anapumua hewa ya juu kama sisi, atatoka, utamkuta anatambaa kwenye majani.

10. Samaki akishatoka

Joto la huku halisubiri. Perege ndani ya saa mbili juani ameshaanza kulainika tumbo. Gunia la katani lililoloweshwa, kivulini, unalinyunyizia maji kila mara, afu toa matumbo na mashavu mapema. Matumbo usiyatupie pale pale majini ulipokaa, kule Mtera unaita mamba. Fukia mbali au yahifadhi yawe chambo cha kambare.

UKIONA MAMBO HAYAENDI

Vinakuja vidogo tu vinamaliza chambo. Chakula chako ni laini mno, kinatengeneza wingu kubwa linaloita vifaranga vya bwawa zima. Punguza pumba laini, weka mahindi ya kupasuliwa au punje nzima, ongeza udongo donge lichelewe kumeguka, na sogea mbele hatua tano kwenye kina zaidi. Wakubwa hawapendi kukaa na watoto.

Siku mbili walikuja vizuri, ya tatu kimya. Kwanza angalia kijiti chako, maji yameshuka? Pili uliza wenyeji, usiku watu wakipitisha nyavu pale samaki wanapotea siku kadhaa, hapo huna la kufanya ila kulisha kidogo na kusubiri au kuongea nao muachiane sehemu. Tatu jiulize kama ulizidisha. Njia ya kujua ni rahisi, tupa ndoano yenye chubwi bila chambo uburute taratibu chini, ikirudi imejaa uji wa pumba ulioanza kunuka, chakula chako kinaozea chini na samaki wamehama. Acha kulisha siku tatu nzima, au hama hatua ishirini uanze upya.

Boya inacheza sana haizami. Chambo ni kikubwa kuliko mdomo. Kigawe nusu. Ikiendelea badilisha ndoano ndogo zaidi. Ikiendelea na hapo, vuta chambo ukiangalie, kikiwa kimekatwa safi kama kwa mkasi ni kobe wa majini, huyo hamalizwi, sogea pembeni.

Ndege kama mnandi wametua sehemu yako na wanapiga mbizi. Samaki wapo lakini wameshtuka. Pumzika, kunywa chai, wakiondoka wape nusu saa afu tupa kadonge kamoja.

Mvua imenyesha jana maji yamekuwa chai ya maziwa. Achana na perege siku mbili tatu, nenda na kambare, sogea karibu na mahali mkondo mpya unapoingilia bwawani, wanakusanyika pale kuokota vinavyoletwa na maji.

Juni na Julai baridi. Hawali kama kawaida, punguza chakula kiwe nusu kabisa, na usiwahi saa moja, nenda saa tatu jua likiwa limepasha maji ya juu, lisha sehemu yenye kina kifupi kidogo kuliko ya siku zote.

Kuna jamaa wamegundua sehemu yangu na wanaiwahi. Hii naulizwa sana Hombolo. Bwawa sio lako, kwahiyo usigombane. Hapa tu ndo unaweza kuvunja ile kanuni ya sehemu moja, lisha sehemu mbili kuanzia mwanzo, moja ya wazi na moja ambayo inahitaji kutembea dakika kumi zaidi kupita mashamba ya zabibu, watu wengi wanaishia hapo gari au pikipiki inapoishia. Au kubalianeni mlishe kwa zamu, wewe Jumatatu na Jumatano, yeye Jumanne na Alhamisi, Jumamosi mkavue wote. Mimi na mzee mmoja wa Kigogo tumefanya hivo msimu wa pili sasa, yeye analeta machicha, mimi naleta mashudu, na madonge yake yanameguka vizuri kuliko yangu kwa sababu kichuguu anakichimbia juu kwenye ile ngozi ya nje iliyokauka, sio ndani kwenye unyevu kama nilivyokuwa nafanya mimi.